Firigisi Kwenye Mfuko wa Saruji

Nianze na lenye aibu kabisa, tulimalize mapema: mimi nimewahi kusimama mbele ya darasa zima, kipande cha mkaa mkononi, vumbi la saruji mpaka kwenye kope, nikatangaza kwamba binadamu ana firigisi. Na sikunong'ona. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Mwenzangu mmoja alipocheka nikamwambia kama anabisha akamuulize mama yake.

Ndiyo, firigisi. Ile ile ya kuku. Ile ambayo leo naikaanga mwenyewe hapa mjini Morogoro, kwenye meza yangu ya kuku na chipsi, wateja wananiita "mama firigisi" bila kujua kwamba jina hilo nilishalibeba kabla hata sijaota ndoto ya kuwa na karai la mafuta. Shule niliishia kidato cha pili. Hatukugombana, tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Lakini mtu akiniuliza kichwani nimebakiza nini, namwambia lipo somo moja nalijua mpaka kesho, mmeng'enyo wa chakula, na nalijua hivyo kwa sababu nililikosea vibaya mno.

Nimekumbushwa juzi tu. Mvua ilikuwa imepiga vumbi kidogo, ile mvua ya uongo inayokuja, inanusa, inaondoka. Akaja binti mmoja, tumbo limemtangulia, akaagiza firigisi. Wakati nageuza kwenye mafuta, akatoa kwenye pochi kipande cha udongo wa kula, ule ambao huku mjini wanauita pemba, akawa anatafuna taratibu huku anaangalia barabarani. Kru. Kru. Harufu ya vumbi lililolowa, harufu ya firigisi, na ule mlio. Nikasimama na kijiko hewani kama sanamu. Firigisi ya mtu ikaungua, ikabidi nimkaangie nyingine.

Maana mimi ni mtoto wa juu, Mgeta. Kule ukungu unaingia ndani bila hodi, na mashamba yamekaa ngazi ngazi mpaka unajiuliza aliyelima kule juu kabisa alishukaje. Wa rika langu mtakumbuka asubuhi za shule: sweta lililoliwa na binamu wa kwanza, halafu wa pili, halafu likaja kwako likiwa na mikono tu, ukuni kwapani kwa ajili ya uji, miguu imepauka kama imepakwa chokaa. Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, mama na bibi mzaa mama. Baba alikuwa Dar sokoni, anapokea kabichi. Alikuja na lori la mboga, akaondoka na lori la mboga, na mimi kwa muda mrefu niliamini baba ni kitu kinachopakiwa.

Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kuku. Bibi anachinja, mimi nanyonyoa na kupasua. Na sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa firigisi. Unaikata pembeni, inafunguka kama mdomo, ndani kuna mchanga, vijiwe, punje za mahindi zilizosagika nusu. Halafu unaingiza kidole gumba unamenya ile ngozi ya njano, inatoka nzima kama soksi. Siku moja nilikuta kifungo cha blauzi ya bibi, ile ya kwenda kanisani, kinang'aa kuliko siku kilipopotea. Bibi akakiosha, akakishona, Jumapili akaenda nacho misa. Mimi nimekaa nyuma yake nakiangalia, nasema moyoni, wewe kifungo, hawa watu wangejua ulikopita.

Bibi ndiye aliyenieleza. Kuku hana meno, kwa hiyo anameza vijiwe, na firigisi inavitumia kusaga. Kuku akikosa vijiwe analegea, anakaa kaa chini, mayai yanatoka laini. Ndiyo maana bibi alikuwa anawasagia maganda ya mayai anachanganya na mchanga, anawamwagia, "Kuleni meno yenu." Ila kuila firigisi yenyewe, sahau. Firigisi ya kwetu ilikuwa ya mjomba. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto; baba unampenda, mjomba unamnyookea. Kuku akichinjwa, firigisi inakaa juu kabisa ya bakuli kama askofu, na hata mjomba akichelewa siku nzima, hamna mkono unaosogea. Nimemenya firigisi utoto wangu wote bila kujua zina ladha gani.

Sasa, mama akaanza kula udongo.

Kulikuwa na kingo ya njia, pale unapokata kona kuteremkia mtoni, udongo wake laini, mwekundu unaoelekea njano, mvua ikinyesha unanukia mpaka unameza mate. Mama alikuwa akipita pale anageuka nyuma, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anamega, anatia kwenye pindo la khanga. Nilimkuta siku moja. Akacheka kwa aibu, akanimegea kidogo, akasema, "Usimwambie mtu." Nikamuuliza Restuta. Restuta alikuwa rafiki yangu, tunakaa dawati moja, kwao walikuwa wengi mpaka mama yake akiwaita kula anataja majina kama anasoma litania. Hivyo mambo ya watoto aliyajua kuliko nesi.

"Anakula udongo?" Restuta akaniuliza.

"Kila siku."

"Basi ana mtoto tumboni. Mama yangu akianza tu udongo, tunajua kitanda kimepungua nafasi."

Hapo ndipo akili yangu, ambayo hakuna aliyeituma, ilipoingia kazini. Mama ana mtoto ndani. Mtoto hana meno. Mama anakula udongo na vijiwe vyake. Kuku naye hana meno, anakula vijiwe. Jamani, mlitaka nifikirie nini? Ilikuwa wazi kabisa kwamba mama ana firigisi, inasaga ugali ili yule asiye na meno apate kumeza. Nililala nimeridhika kama mtu aliyevumbua moto.

Shida ni kwamba mama alianza kulegea. Alikuwa mtu wa kupanda na tenga la kabichi kichwani huku anaimba. Sasa akawa anafika nusu ya mlima anatua mzigo, anakaa chini, anashika kifua, moyo unamwenda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa. Midomo imepauka. Siku moja aliinuka kutoka jikoni akashika ukuta, akabaki ameushika muda mrefu, mimi namwangalia, naye ananitabasamia ili nisiogope, na mimi ndiyo nikaogopa. Nikamuuliza bibi. Bibi akasema, "Amechoka tu. Ni hali." Lakini na yeye alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

Nikajua tatizo. Analegea, anakaa kaa chini: vijiwe vimepungua! Nikaanza matibabu. Kila nikitoka shule napita kwenye ile kingo na kijiko nilichokiiba jikoni, nachagua udongo mgumu mgumu, wenye punje, nauanika juu ya mafiga mpaka unakauka vizuri, nampelekea mama umefungwa kwenye jani la mgomba. Mama aliupokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, wewe unanijua." Basi mimi kesho naongeza. Na yeye kesho anazidi kukaa chini. Na mimi naongeza tena.

Kipindi hicho ndipo alipoletwa Mwalimu Zaituni kutufundisha Sayansi. Alikuwa mtu wa Kisaki, kule bondeni kwenye joto, kwa hiyo Mgeta ilimwonea. Alivaa masweta mawili, na juu yake khanga, na juu ya khanga kichwani mtandio, mpaka tukawa tunabahatisha mwalimu mwenyewe anaanzia wapi. Miteremko yetu alikuwa anaishuka kwa makalio, na wala hafichi. Lakini akiingia darasani alikuwa na mambo yake. Walimu wengine walikuwa wanaandika ubaoni, sisi tunanakili, mambo yameisha. Yeye akasema, "Kabla sijawaambia ndani ya mtu kuna nini, mtanichorea nyie mnavyodhani. Mimi siwezi kuingia vichwani mwenu. Nichoreeni nione. Tukishasoma, mtachora tena."

Deo, mtoto mmoja aliyekuwa anabisha hata jina lake likiitwa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tukikosea je?"

"Nataka mkosee vizuri. Kosa lililochorwa naliona. Lililofichwa nitalijuaje?"

Wakati huo shule ilikuwa inajengewa darasa jipya, kwa hiyo mifuko ya saruji ilikuwa imetupwa kila mahali. Mwalimu akatufanya tuikung'ute, tuichane, tuiunganishe kwa uji mzito mpaka ipatikane karatasi ya urefu wa mtu. Kila kundi limlaze mwenzao mmoja juu yake, wamzungushie mkaa, akiinuka libaki umbo lake, ndipo wajaze vya ndani. Kundi letu wakanilaza mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa mfupi na mifuko ilikuwa haitoshi. Restuta akanichora. Aliponifikia kwapani nilicheka nikajipindua, ndiyo maana lile umbo lilikuwa na mkono mmoja mnene kama wa mkata magogo. Nikainuka nimekuwa mweupe wote. Deo akasema, "Marehemu amefufuka."

Kisha tukajaza. Kundi la Deo walichora bomba limenyooka kutoka mdomoni mpaka kule mnakokujua, hakuna kona, hakuna kituo. Kundi jingine wakachora tumbo limejaa samaki mzima na macho yake. Mimi nikawaambia wenzangu wakae pembeni, waachie fundi. Nikachora shingo, na kwenye shingo kile kifuko cha kuku ambamo mahindi yanatulia kwanza. Nikateremka. Halafu katikati kabisa, kwa mkono uliotulia, nikachora firigisi kubwa kama kiatu, na ndani nikapanga vijiwe kimoja kimoja, vingine nikavitia kivuli. Ilikuwa nzuri. Nasema ukweli, mpaka leo sijachora kitu kizuri kama kile.

Mwalimu Zaituni akapita kwetu, akainama, akakaa ameinama. Hakucheka. Akasema, "Hii ni nini?"

Nikasimama. "Firigisi, mwalimu."

Darasa likapasuka. Deo alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye benchi. "Ana firigisi! Mwalimu, mtazame kama hana na mkia!"

"Kamuulize mama yako!" nikamwambia. Na kwa sababu nilikuwa nimechokozwa, nikatoa ushahidi wote, kwa ile sauti ya matangazo: "Mwalimu, mama yangu anakula udongo kila siku, mwingi, na vijiwe vyake, maana ana mtoto tumboni na mtoto hana meno, kwa hiyo firigisi inamsagia!"

Sasa hapo vicheko vikakatika ghafla. Kule kwetu mimba haitangazwi. Mimba inaonekana yenyewe ikipenda, na hata ikionekana watu wanatazama pembeni. Na mimi nilikuwa nimemtangaza mama yangu mbele ya darasa zima, watoto wa vitongoji vya Kongwa na Mbondo, mtoto wa kila nyumba iliyokuwa kwenye ule mlima yumo mle ndani. Restuta akanivuta sketi. "Kaa chini," akasema huku amebana meno. "Umeshamaliza. Kaa."

Mwalimu akawanyamazisha. "Huyu amefikiri," akasema. "Ameona kitu, akakiunganisha na kitu. Wewe Deo bomba lako umeunganisha na nini?" Halafu saa za kutoka akaniambia nibaki.

Nikajua nachapwa. Lakini akakaa kwenye dawati letu, pale pa Restuta, magoti yamemfikia kifuani, akaniuliza taratibu, "Mama anakula udongo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa viganja viwili. Halafu nikamwonyesha tena.

"Akipanda mlima anapumzika?"

"Anakaa chini, mwalimu. Anashika kifua. Ila usijali, namwongezea." Nikaingiza mkono mfukoni, nikamtolea kipande kizuri cha jana, kimekauka, cha kwenye mafiga. Nilidhani labda na yeye anataka. Watu wa Kisaki utawajuaje?

Akakipokea. Akakigeuza geuza. Sura yake ilibadilika namna ambayo sikuielewa, si hasira. Akasema, "Twende nikamsalimie mama."

Njia nzima yeye anateleza, mimi namshika mkono, moyoni naomba ateleze moja kwa moja mpaka bondeni ili tusifike. Tulipofika bibi yuko uani anachambua njegere. Habari ilikuwa imeshatutangulia. Kule habari haina haja ya barabara. Bibi akaniangalia jicho moja tu, nikajua chakula cha jioni hakinihusu.

"Tumsifu Yesu Kristo," bibi akasema.

"Shikamoo bibi," mwalimu akajibu, na salamu mbili zikapishana hewani, kila moja ikaenda zake.

"Marahaba. Kaa, mwalimu. Umekuja kutazama firigisi?"

Mama akatoka ndani ameshika mlango. Akaniambia, pole pole, na hiyo ndiyo iliniumiza, "Mwanangu, umeenda kunichora ubaoni?"

"Siyo ubaoni, mama. Kwenye mfuko wa saruji."

Mwalimu Zaituni hakuanza na udongo. Alianza na baridi, akawauliza wanalalaje, bibi akamcheka masweta yake, wakaongea bei ya njegere. Kisha akamwomba mama viganja vyake. Akaviangalia. Akamwomba amruhusu, akamvuta kidogo ukope wa chini. Mimi nilikuwa nimesogea, nikaona: pale ndani ambapo kwangu kioo kinaonyesha pekundu, kwa mama palikuwa peupe kama ndani ya ganda la yai.

"Mama, umeshaanza kliniki?"

Mama akamwangalia bibi. Bibi akasema, "Bado mapema. Na nani atavuna? Mwalimu, mimi nimezaa saba kwa udongo huu huu. Mama yangu kaula. Udongo unatuliza roho."

"Sibishi, bibi. Ila ulipokuwa unaula, ulikuwa unakaa chini njiani?"

Bibi akaacha kuchambua.

Mwalimu akageuka kwangu. "Haya fundi, tuchoree tumbo hapo." Akanionyesha jivu lililomwagwa kando ya jiko. Nikachukua kijiti, na jamani, mazoea ni kitu kibaya, nikachora firigisi. Mama alikuwa wa kwanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, safari hii kwa kicheko. Mwalimu akaifuta, akachora mfuko laini, akachora na utumbo umejikunja, akatoboa toboa vitundu kuuzunguka. "Humu kwenye utumbo ndimo chakula kinapopitia kuingia kwenye damu. Kwenye vitundu hivi, visivyoonekana kwa macho. Mama anakula, chakula kinafika. Lakini nilivyofundishwa mimi, udongo mwingi ukishaingia..." Akachukua kile kipande changu, akatema mate kidogo, akakiponda na kuanza kuupaka ule mchoro. Vitundu vikazibika.

Bibi akainamia lile jivu. Yule alikuwa amekandika nyumba yetu kwa mikono yake, kila ufa ulioingiza baridi aliuziba yeye.

"Unakandika," akasema.

"Unakandika, bibi. Mama anakula, mtoto anakula, damu haipati kitu. Sina hakika kama ni udongo tu. Ndiyo maana nataka watu wa zahanati wamwone. Lakini asingoje."

Mimi nilikuwa nimesimama na kijiti changu. Nikawa natazama ule udongo kwenye ule utumbo, na nikaujua. Ulikuwa wa kwangu. Nilikuwa nimeuchagua mwenyewe, mgumu mgumu, nikaukausha, nikamfungia mama yangu kwenye jani la mgomba. Nikaanza kulia kwa sauti, kilio cha kijinga chenye makamasi, nasema, "Mimi ndiye nimemkandika mama! Mimi ndiye nimemkandika!" Mama akanivuta nikaingia kwenye khanga yake, akawa ananigongagonga mgongoni, na mavumbi ya saruji yanatoka pu, pu. "Nyamaza," akasema. "Ulikuwa unanilisha. Nani mwingine ananilisha?"

Asubuhi yake wakashuka zahanati, mama na bibi, kwenye lori la mboga, mbele kwa dereva, heshima ambayo kabichi huwa hazipewi. Wakarudi jioni. Damu ilikuwa chini sana. Nesi alimwambia bibi kwamba angejifungua na damu ile, wangekuwa wanaongea lugha nyingine. Wakapewa vidonge, wakapewa tarehe ya kurudi, wakaambiwa udongo basi, na ale maini na mboga za majani. Bibi akasema njia nzima alikuwa anacheka peke yake kwa uchungu: mlima mzima unalima mboga, zote tunawapakilia watu wa Dar, sisi wenyewe tunakula ugali na chumvi tukizisindikiza kwa macho. Kuanzia siku ile tuta moja la mchicha na spinachi likawa haramu kwa lori.

Kuacha udongo haikuwa mchezo. Siku za mvua mama alikuwa anakaa karibu na ukuta wa nyumba, anaunusa tu, kama mlevi aliyeacha pombe akapita karibu na kilabu. Mimi nikawa askari. Nikimwona anaisogelea ile kingo ya njia naimba kwa nguvu. Ananiangalia, anacheka, anapita.

Shuleni tukamaliza somo. Mwalimu Zaituni akasema tugeuze mifuko upande wa pili tuchore upya. Nikalazwa tena, Restuta akanizungushia, safari hii nimebana kwapa. Nikachora umio, tumbo, ini limekaa kulia kama mwenyeji, utumbo mwembamba umejikunja. Nilipofika kwenye tumbo mkono ulitaka kwenda kwenye firigisi, nikauzuia. Deo akapita. "Leo imekwenda wapi?" Nikamjibu, "Imerudi kwa kuku wenyewe. Bomba lako je?" Lake lilikuwa limepata kona nyingi sana, mpaka nyingine zisizohitajika. Mwalimu akaitundika michoro nje, inaning'inia kwenye kamba, upepo ukipuliza inageuka: upande huu nina firigisi, upande huu sina.

Mjomba alikuja Jumapili moja. Bibi akachinja jogoo. Nikanyonyoa, nikapasua, nikamenya ile soksi ya njano, nikaipanga firigisi juu ya bakuli mahali pake pa uaskofu. Bibi akaja na kijiko. Akaichukua firigisi, akachukua na maini yote, akavitia kwenye sahani ya mama.

Mjomba akabaki ameshika tonge. "Mama, leo mimi sio mjomba?"

"Mjomba ni wewe. Ila wewe damu unayo, mpaka unagombana nayo na watu kilabuni. Kula bawa."

Mjomba akaliangalia lile bawa, akamwangalia dada yake, aliyekuwa amevimba miguu lakini midomo yake imeanza kurudi rangi. Akasukuma sahani ya mama ikamsogelea karibu zaidi. "Haya. Kuleni na huyo mjomba wa kesho aliye ndani." Na mama, mbele ya watu wote, akaikata ile firigisi vipande viwili, kimoja akanipa mimi. Nilitafuna. Nikatafuna. Ngumu jamani, inarudi kama tairi. Nikasema kumbe Mungu alikuwa na sababu zake kutotuwekea.

Mtoto alizaliwa wakati mapichesi yanaiva mitini, kule kule zahanati, wa kiume, analia kama ana kesi. Mama alirudi kwenye lori akiwa amekaa wima. Wakaja majirani, akaja Mwalimu Zaituni na sweta la tatu, dogo, alilolifuma mwenyewe kwa ajili ya mtoto. Restuta akaja mwisho, ananukia moshi, amebebeshwa mdogo wake mgongoni. Akaosha mikono bila kuambiwa, akapiga magoti pale kwenye mkeka, akamtazama mdogo wangu kwa makini kama mtu anayekagua nyanya. Mtoto akapiga mwayo. Restuta akainama, akachungulia mle kinywani, akaangalia juu, akaangalia chini, akanigeuzia uso.

"Kweli hana meno," akasema. "Hapo ulipatia."